Kuunganisha Mifumo ya Mitambo katika Kiwanda cha Dawa: Mwongozo kwa Mafundi Chipukizi wa Malindi

Vijana wengi wa Malindi wanaojua PLC, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mashine, wamejifunzia kazini: viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni, pampu za hoteli za ufuoni, mitambo ya kuchuja maji ya bahari. Mara kwa mara mmoja wao hupata kazi kiwanda cha dawa Nairobi, na akipiga simu nyumbani swali huwa moja. Kila mashine ina skrini yake, saa yake na nywila yake. Nitazifanyaje zizungumze?

Hali hiyo ina sababu. Kiwanda cha dawa hujengwa kidogo kidogo. Mashine ya kuchanganya unga inaweza kuwa imetoka India, ya kugonga vidonge Ujerumani, ya kupakia kwenye blista Italia. Mfumo wa hewa umefungwa na kampuni ya hapa nchini, na maji yana PLC yake pembeni. Katikati yao amesimama mfanyakazi na kalamu. Anasoma namba kwenye skrini, anaiandika kwenye fomu ya bechi (dawa zinazotengenezwa kwa mkupuo mmoja), kisha mwenzake ofisini anaichapa upya kwenye kompyuta. Kila mkono ambao namba inapitia ni nafasi ya kukosea, na dawa haitoi dalili. Kidonge chenye dawa pungufu kinafanana kabisa na kizima, na mgonjwa atakayekimeza hana mita ya kukipima.

Kabla ya kushika bisibisi, elewa kwamba kazi hii ni ya makubaliano kuliko ya nyaya. Kila namba ni ya nani, inapimwa wapi, kwa kipimo gani, na mifumo miwili ikitofautiana upi una neno la mwisho? Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Zunguka kiwanda ukiwa na daftari

Usifungue kabati lolote siku za kwanza. Zunguka na waendesha mashine, zamu ya mchana na ya usiku, ukiandika kila mfumo uliopo: aina ya PLC, toleo la programu, milango ya mawasiliano iliyo wazi, kompyuta inayoisimamia na Windows gani iliyomo, na mtu mwenye nywila. Utakuta mashine ambazo nywila yake ilikwenda na fundi aliyeacha kazi. Liandike hilo kwa herufi kubwa.

Halafu uliza kama kuna nakala ya programu ya kila PLC, na uombe kuiona. Kuambiwa "ipo" hakutoshi. Mara nyingi iliyopo ni ya siku mashine ilipofungwa, na tangu hapo imebadilishwa mara kadhaa. Kuchukua nakala mpya ndiyo kazi yako ya kwanza ya mikono, na ifanywe mashine ikiwa imesimama, msimamizi wa uzalishaji akiwa anajua.

Wasikilize waendesha mashine kwa makini. Wakikuambia, "Fundi, alamu hii hulia kila siku, sisi tunaizima tu," umepata habari ambayo haimo kwenye michoro yoyote.

Hatua ya 2: Amua kipi kiunganishwe na kipi kiachwe

Wakubwa wakishasikia neno "kuunganisha" hutaka kila kitu kionekane kwenye skrini moja. Wakatalie kwa heshima. Kwa kila namba uliza: nani ataitumia kuamua nini? Joto la chumba cha kuhifadhia dawa za baridi, lile la nyuzi 2 hadi 8, lina jibu. Mkondo wa umeme wa mota ya feni huenda una jibu kwa watu wa matengenezo, lakini hauna kazi kwenye rekodi ya bechi. Namba isiyo na mwenye kuihitaji iache ilipo.

Kiwango cha kimataifa kiitwacho ISA-95 kinaugawa mfumo wa kiwanda kwa ngazi, na mgawanyo huo utakusaidia kuchora. Chini kabisa ni mchakato wenyewe, juu yake sensa na valvu, kisha PLC na skrini za usimamizi, halafu mfumo wa kuendesha uzalishaji na rekodi za bechi, na juu ni programu za ofisi za oda, stoo na fedha. Kwa kawaida habari ipande na kushuka ngazi moja kwa moja. Kompyuta ya mhasibu haina sababu yoyote ya kuzungumza na valvu.

Ulinzi wa watu usiupitishe kwenye mtandao wa kawaida. Kitufe cha kusimamisha mashine kwa dharura, kufuli ya mlango wa otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke), swichi ya kifuniko cha mashine ya vidonge, vyote vibaki vimefungwa kwenye mashine yenyewe. Mfumo wa juu unaweza kusoma hali yake. Usipewe uwezo wa kuibadilisha.

Hatua ya 3: Andika jedwali la pointi

Hapa ndipo miradi hufia, kwa hiyo hapa tumia muda wako mwingi.

Fungua lahajedwali. Kila namba itakayovuka kutoka mfumo mmoja hadi mwingine ipate mstari wake: jina, mahali inapopimwa, kizio, kiwango cha chini na cha juu cha sensa, mfumo unaoimiliki, mifumo inayoisoma, kama kuna anayeruhusiwa kuiandika, inasomwa kila baada ya sekunde ngapi, na kama inagusa ubora wa dawa. Safu hiyo ya mwisho ijazwe na watu wa idara ya ubora. Fundi asiijaze kwa niaba yao hata akidhani anajua.

Mbona safu zote hizo? Chukua sensa ya mkondo wa miliampea 4 hadi 20, ambayo wengi wenu mnaijua. Kipitishaji, yaani kifaa kinachogeuza joto kuwa mkondo huo, kimewekwa ili 4 iwe nyuzi 0 na 20 iwe nyuzi 100. Aliyetengeneza skrini mpya akaandika 0 hadi 150. Mkondo wa miliampea 12 uko katikati kabisa: PLC inasema nyuzi 50, skrini inasema 75. Waya ni mzima, sensa ni nzima, na hakuna alamu itakayolia. Kosa limo kwenye kisanduku kimoja cha jedwali ambalo halikuandikwa.

Mfano wa pili ni wa maji. Mtambo wa kuchuja maji ya bahari kwenye hoteli ya hapa kwetu na mtambo wa maji ya kiwanda cha dawa ni ndugu: vyote hutumia utando, pampu ya shinikizo kubwa, na sensa ya kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Maji ya bahari yana takriban milisimensi 50 kwa sentimita. Maji ya kutengenezea dawa, kwa kiwango cha Marekani, hayatakiwi kuzidi maikrosimensi 1.3 kwa sentimita yakiwa nyuzi 25 katika kipimo cha kwanza. Mili na maikro zinatofautiana mara 1,000, na skrini nyingi huonyesha namba tupu bila kizio. Kuna na mtego uliojificha zaidi. Sensa za kawaida hulisahihisha somo lake lifanane na la nyuzi 25, lakini kipimo hicho cha dawa kinataka somo ambalo halijasahihishwa, pamoja na joto lake pembeni. Namba mbili zenye kizio kile kile, kutoka bomba lile lile, zinaweza kutofautiana na zote zikawa sahihi. Kwa hiyo andika kwenye jedwali ni somo lipi.

Mfano wa tatu utakutana nao bila shaka, kwa kuwa Modbus, lugha ya mawasiliano ya mashine iliyoanza 1979, iko kila mahali. Rejista moja ya Modbus, yaani kisanduku kimoja cha namba, hubeba biti 16. Namba yenye desimali kwa kawaida huhitaji biti 32, yaani rejista mbili, na watengenezaji hawakukubaliana ipi itangulie. Friji ya dawa iko nyuzi 5.1. Rejista zake mbili ni 16547 na 13107. Zisome kwa mpangilio wake utapata 5.1, zigeuze utapata namba ndogo mno ambayo skrini itaikata na kuandika 0.00. Mtu atakimbilia friji akidhani inagandisha chanjo, kumbe friji haina neno. Tena baadhi ya vitabu vya mashine huhesabu anwani kuanzia 1 na vingine kuanzia 0, hivyo ukikosa kwa nafasi moja unasoma nusu ya namba hii na nusu ya jirani yake. Dawa yake ni kuandika kwenye jedwali mpangilio wa rejista na mwanzo wa kuhesabu, kisha kuthibitisha kwa kipimajoto cha mkononi chenye cheti cha kalibresheni.

Haya yote unaweza kuyafanyia mazoezi hapa Malindi. Kipitishaji kilichotumika, kigeuzi cha RS-485 (aina ya waya wa data wa mashine) kwenda USB, na programu ya bure ya kusoma Modbus vinatosha mezani. Ukiwa na mwenyeji kwenye mtambo wa maji wa hoteli, omba ruhusa ya kusoma tu. Kuandika kitu kwenye PLC ya mtu bila idhini ni kuvunja amana, na maji hayo yananywewa na watu.

Hatua ya 4: Tengeneza saa kabla ya data

Rekodi ya bechi ni ushahidi, na ushahidi bila saa hauna thamani. Ikiwa mashine ya kuchanganya iko mbele dakika saba na mfumo wa hewa uko nyuma dakika nne, huwezi kuthibitisha kwamba shinikizo la chumba lilikuwa sawa unga ulipokuwa wazi.

Weka seva moja ya saa ndani ya kiwanda na kila mfumo uifuate. PLC ya zamani isiyoweza kufuata, mfumo ulio juu yake uipige muhuri wa saa unapoisoma, na hilo liandikwe. Mashine zilizotoka Ulaya huja na mpangilio wa kusogeza saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Kenya hatusogezi saa. Uzime mpangilio huo kwenye kila skrini, la sivyo utalala Jumamosi ukiwa na mifumo inayokubaliana na kuamka Jumapili ikiwa imeachana kwa saa nzima.

Na fomu za mkono zitakazobaki zitumie saa za 0 hadi 24. Mfanyakazi wa zamu ya usiku akiandika "saa 3" naye anamaanisha 21:00, mkaguzi wa kigeni atasoma alfajiri. Mweleze mapema na kwa upole, kwa sababu hajakosea. Ndivyo sisi sote tunavyohesabu saa.

Hatua ya 5: Nyaya na mtandao

Kwa RS-485, pitisha kebo kutoka kifaa hadi kifaa kama ushanga, usiitawanye kutoka kituo kimoja. Weka kizuizi cha umeme (rezista) cha omu 120 kwenye ncha zote mbili na usiweke katikati. Urefu wa mita 1,200 unawezekana kwa kasi ndogo, si kwa kasi kubwa. Kebo za data zisilale pamoja na kebo za mota.

Mtandao wa mashine utengwe na mtandao wa ofisi kwa fayawoli (kizuizi cha mtandao), na katikati iwekwe seva ya kupokezana data, ili ofisi isome kwenye seva hiyo bila kugusa PLC. Kwa mawasiliano mapya chagua OPC UA, lugha mpya zaidi ya mashine, kwa kuwa hubeba aina ya data, saa na ubora wa somo, na inaweza kufungwa kwa usimbaji na vyeti. Modbus ya kawaida haina ulinzi hata kidogo: anayefika kwenye mtandao wake anaweza kuandika atakacho. Mtengenezaji wa mashine akitaka kuingia kutoka nje kuirekebisha, afunguliwe njia kwa muda maalumu, mtu wa kiwanda akiwa anaangalia, na ifungwe akimaliza. Modemu ya simu iliyoachwa ndani ya kabati "kwa ajili ya msaada" iondoe.

Stima hupotea. Kompyuta za kukusanya data ziwe na UPS (betri ya akiba), lakini hiyo ni nusu ya kinga. Nusu ya pili ni uwezo wa kifaa cha chini kuhifadhi masomo yake mtandao ukikatika, kisha kuyapandisha baadaye yakiwa na saa zake za asili. Mfumo unaojaza pengo kwa kurudia somo la mwisho ni hatari kuliko ulioacha pengo wazi. Pengo utaliona na kulieleza. Mstari ulionyooka uliotungwa na kompyuta utamdanganya kila mtu, pamoja na wewe.

Hatua ya 6: Jaribu kwa kuharibu

Mpango wa majaribio uandikwe, ukaguliwe na kutiwa saini na idara ya ubora kabla jaribio la kwanza halijaanza. Mpango uliotiwa saini baada ya matokeo kujulikana si mpango.

Anza mezani, kwa PLC ya akiba na ishara za kuigiza. Ukihamia kiwandani, usijiridhishe kwamba namba zinaonekana. Chomoa waya wa sensa. Mkondo ukishuka chini ya miliampea 3.6, skrini iseme sensa ni mbovu. Ikiandika nyuzi 0 au namba nyingine inayoweza kuaminika, jaribio limefeli. Chomoa kebo ya mtandao bechi ya mfano ikiendelea, subiri, irudishe, kisha hesabu kama kila somo limefika. Zima seva ghafla. Jaza diski. Ingiza namba ya bechi ambayo haipo. Jaribu kuthibitisha bechi kwa jina la mtu asiye na ruhusa.

Alamu zipimwe hivyo hivyo. Katika vyumba vya kutengenezea dawa zisizotakiwa kuwa na vijidudu, kiwango elekezi cha Ulaya cha 2022 kinataka tofauti ya shinikizo ya angalau paskali 10 kati ya vyumba jirani vya madaraja tofauti. Mlango ukifunguliwa, tofauti hiyo hushuka kwa kitambo. Ukiweka alamu ilie papo hapo, italia mchana kutwa, na baada ya wiki hakuna atakayeisikia. Tafuta muda wa kuchelewesha unaotokana na vipimo halisi vya mlango huo, watu wa ubora wauidhinishe, na sababu iandikwe. Wale waliokuwa "wanaizima tu" hawakuwa wazembe. Walipewa alamu isiyosema kitu.

Hatua ya 7: Majina, nywila na saini

Kila mtu aingie kwa jina lake. Nywila moja ya zamu nzima, iliyobandikwa kwa karatasi pembeni ya skrini, inaifuta thamani ya kazi yako yote, kwa kuwa hakuna atakayejua nani alibadilisha joto la kukaushia. Kanuni ya Marekani ya rekodi na saini za kielektroniki ipo tangu 1997, Ulaya ina yake, na Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa uadilifu wa data mwaka 2021. Kiini chake ni kimoja: rekodi ijulikane ni ya nani, isomeke, iandikwe tukio linapotokea, iwe ya asili, na iwe sahihi. Hapa Kenya, Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo itakayobisha hodi kukagua.

Rekodi ya mabadiliko iwashwe na asiwepo mtu wa uzalishaji mwenye uwezo wa kuizima. Anayebadilisha thamani aandike sababu, na thamani ya zamani ibaki ikionekana. Na wewe fundi, ukimaliza mradi, urudishe ruhusa zako za usimamizi. Kubaki nazo si heshima, ni mzigo: siku jambo likiharibika, jina lako litakuwa la kwanza kutajwa.

Hatua ya 8: Kuhamia

Hamisha mfumo mmoja mmoja. Anza na ule unaosomwa tu, kama joto la stoo, kabla ya ule unaotoa amri, kama uzani wa malighafi. Chagua muda ambao bechi imekwisha na vyumba vinasafishwa. Kwa bechi kadhaa endesha karatasi na mfumo mpya sambamba, na kila tofauti ichunguzwe mpaka chanzo kijulikane. Usikubali "ni ndogo tu". Mpango wa kurudi nyuma uwe umeandikwa na kujaribiwa: nani anaamua kurudi, anafanya nini, na inachukua dakika ngapi.

Wafunze watu wa usiku wakati wa usiku, kwenye mashine yao, kwa Kiswahili. Kitabu cha mtengenezaji chenye kurasa 400 hakitafunguliwa saa 8 usiku. Andika ukurasa mmoja kwa kila mfumo: mtandao ukikatika fanya hivi, sensa ikisema mbovu fanya hivi, mpigie fulani. Ubandike ndani ya mlango wa kabati, ukiwa na tarehe na toleo.

Kuanzia hapo, badiliko lolote lipite kwenye udhibiti wa mabadiliko, hata la kusogeza kikomo cha alamu kwa nyuzi moja, na jedwali la pointi lisahihishwe siku hiyo hiyo. Nakala za programu ziwekwe sehemu mbili, moja nje ya jengo. Kila mwaka chukua nakala mojawapo, uirudishe kwenye PLC ya akiba, uiwashe, na uangalie kama inaendesha kile unachodhani inaendesha.